Bakteria mpya wa pangoni: maswali na majibu

Wanasayansi wanajuaje kuwa bakteria waliyemkuta pangoni ni spishi mpya?

Hadubini pekee haitoshi. Bakteria wasio na udugu wa karibu huweza kufanana kabisa kwa umbo, na rangi ya Gram, inayotumika kuwapaka ili waonekane kwa hadubini, huwagawa katika makundi mapana tu. Kwa hiyo huoteshwa maabara, mara nyingi kwenye chakula hafifu, maana pangoni chakula ni haba. Kisha husomwa jeni ya 16S rRNA, ambayo kila bakteria anayo, yenye herufi za DNA kama 1,500. Mfanano na spishi zinazojulikana ukiwa chini ya asilimia 98.7, ni dalili nzuri ya upya. Ukizidi hapo kazi haijaisha: jenomu nzima, yaani DNA yake yote, hulinganishwa, na wastani wa mfanano ukishuka chini ya asilimia 95 hivi, huyo huhesabiwa spishi nyingine. Huchunguzwa pia anatumia chakula gani, anastahimili joto kiasi gani na utando wake una mafuta ya aina gani.

Jina linatolewaje?

Ili jina likubalike rasmi, bakteria hai lazima wahifadhiwe katika hifadhi mbili za vijidudu, zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti mwingine aweze kuhakiki. Ni kanuni nzuri sana. Inazuia madai matupu.

Anaweza kuniambukiza?

Wengi wa bakteria hawa hawajulikani kusababisha ugonjwa. Ukiingia pangoni, jihadhari zaidi na kuvu wa Histoplasma, anayeota kwenye kinyesi cha popo na kufika mapafuni kwa vumbi.

Mbona madaktari wanawafuatilia, basi?

Kwa sababu ya usugu wa dawa. Mwaka 2016 watafiti walieleza habari za bakteria aitwaye Paenibacillus LC231, kutoka pango la Lechuguilla, New Mexico, Marekani, katika eneo lililotengana na uso wa dunia kwa zaidi ya miaka milioni 4. Kati ya antibiotiki 40 alizojaribiwa nazo, alihimili 26, ingawa dawa za hospitali hazijawahi kumfikia huko. Vijidudu hupigana kwa sumu zao wenyewe tangu kale, na kinga dhidi ya sumu hizo ni ya kale vilevile.

Kwa hiyo matumizi holela ya antibiotiki hayana kosa?

Yana kosa kubwa. Usugu ulikuwepo, lakini kila dozi isiyo ya lazima huua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaliana mwilini mwako, na baadhi yao huwagawia wenzao jeni hizo. Antibiotiki haitibu mafua. Itumie ulivyoelekezwa na mhudumu wa afya, wala usimpe mwingine iliyobaki.