Pikapu haijui kama umeishusha au umeipakia

Mteja wa wiki iliyopita aliniletea Hilux ya mwaka 1993, dizeli ya lita 2.4, ile isiyo fowili, aliyorithi kwa baba yake. Aliposhuka tu akaenda tairi la nyuma, akachomeka kiganja chake kati ya tairi na ukingo wa bodi. "Fundi, hii nafasi nataka iishe." Nikamuuliza kama bado anabebea mzigo. Akasema ndiyo, kila Jumamosi anapeleka maji shambani, tangi la lita 1,000.

Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Hapo tukakaa chini tuongee, kwa sababu kushusha pikapu si kazi ya bodi hata kidogo. Unapoishusha sentimita 5, unaiweka kwenye mkao uleule ambao ingekuwa nao ikiwa imepakiwa. Tofauti ni kwamba mzigo huu haushuki tena. Na kila kilichofungwa kati ya chasi na tairi, kuanzia breki na usukani hadi shokapu na propela (shafti inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma), kinasoma umbali huohuo. Hakijui kama umeishusha au umeipakia.

Nianze na mbele. Kwenye Hilux hizi mbele hakuna springi ya mviringo. Kuna toshenbaa, yaani fimbo mbili ndefu za chuma zilizolala kando ya chasi, moja kila upande. Ncha moja imeshika mkono wa tairi, ncha nyingine imekamatwa na boliti la kurekebishia. Tairi likipanda, fimbo inasokoteka, na ile nguvu ya kutaka kujinyoosha ndiyo springi yenyewe. Ukilegeza boliti, pua ya gari inashuka. Ndiyo maana watu wengi wanaona ni kazi ya robo saa.

Lakini kuna jambo nalisikia kila siku gereji, kwamba ukilegeza toshenbaa gari linakuwa laini. Si kweli. Ugumu wa fimbo unatokana na unene na urefu wake, na boliti haligusi kimojawapo. Unene ndio wenye nguvu kuliko vyote: fimbo ya milimita 22 ni ngumu kuliko ya milimita 20 kwa karibu asilimia 46, ingawa kwa macho huwezi kuzitofautisha. Boliti linahamisha tu mahali ambapo fimbo inaanzia. Ulichopunguza ni safari ya tairi kabla halijagonga raba ya mwisho, ile inayozuia chuma kisigonge chasi. Kwa hiyo gari lililoshushwa ovyo kwenye tuta halichezi kilaini, linapiga "ga!" hadi mikono inauma kwenye usukani.

Navyofanya mimi ni hivi. Gari liko kwenye sakafu iliyonyooka, halina mzigo, upepo wa tairi uko sawa. Napima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, naandika kwa chaki ukutani. Sipimi kutoka chini, kwa sababu tairi lililolika upande mmoja litanidanganya. Napiga jeki, naweka stendi, nasafisha nyuzi za boliti kwa brashi ya waya na kuzilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Napima pia kiasi gani cha boliti kimetokeza, ili nikitaka kurudi nijue pa kurudia. Kisha kushoto na kulia mizunguko sawasawa.

Ukishalishusha gari kwenye jeki, usipime bado. Tairi za mbele zinakuwa bado zimejibana kwa ndani kwa sababu zimekamata sakafu, na gari linaonekana liko juu kuliko lilivyo. Lisukume mbele hatua kumi, lirudishe, likandamize pua mara tatu, ndipo uchukue futi. Nimeona fundi mzuri tu akizungusha boliti mara ya pili na ya tatu kwa kutojua hili, halafu kesho yake mwenye gari anarudi nalo limelala kama mamba.

Mbele naishia sentimita 5. Zaidi ya hapo mikono inakaa vibaya: juu ya tairi panaingia ndani, fimbo za usukani hazilingani tena na mikono, na kila ukipita shimo gari linajivuta lenyewe. Anayetaka chini zaidi atafute spindo za kushushia (spindo ni kile chuma kinachoshika tairi kwenye mikono), zile ambazo ekseli ya tairi imepandishwa juu kwenye spindo yenyewe, ili mikono ibaki ilipokuwa. Ni ghali, lakini ndiyo njia safi. Kwa vyovyote alaimenti, yaani kupanga upya pembe za tairi, ni lazima, na kwenye gari hili juu ya tairi panarekebishwa kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, pale mkono wa juu unapofungwa. Bila hivyo tairi mpya litalika upande wa ndani kabla hujalifurahia.

Nyuma ni springi za kupangana, zile za majani ya chuma yaliyolaliana. Kabla hujanunua chochote, lala chini uangalie: ekseli iko juu ya springi au chini yake? Kama ekseli imekaa juu ya springi, kipande cha chuma kikiwekwa katikati yao kinashusha gari. Kama ekseli iko chini ya springi, kipande hichohicho kitalinyanyua. Watu wamepoteza hela hapa.

Kipande kiwe cha chuma au alumini, kiwe na tundu na pini ya kukaa kwenye senta bolti, lile boliti la katikati ya majani ya springi, na kiwe kimoja. Vipande viwili juu ya kimoja vinateleza. Cha mbao sikifungi, hata mwenye gari aniletee mninga uliokauka. Yubolti, zile boliti za umbo la U zinazofunga ekseli na springi, ziwe mpya. Na tafadhali, usichomoe majani ya springi ili gari lishuke, wala usiyapige moto wa gesi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa kipimo. Ukikiunguza kinabaki chuma tu. Kama ekseli imeinamisha pua ya difu (kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli), propela itatetemeka kuanzia mwendo wa kati, na hapo panahitajika kabari ya kurudisha pembe.

Sasa breki, na hapa naomba usome taratibu. Pikapu nyingi za aina hii zina vali ya breki kwenye chasi, na fimbo nyembamba inatoka hapo hadi kwenye ekseli ya nyuma. Nyuma ikiwa nyepesi, vali inabana nguvu ya breki za nyuma. Gari likipakiwa, ekseli inasogelea chasi, fimbo inasukuma, vali inaachia nguvu zaidi. Ukishusha nyuma bila kurekebisha hiyo fimbo, vali inaamini umebeba mzigo wakati nyuma ni tupu.

Najua kwa sababu nililifanya kosa hilo mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili wa ufundi. Nililitoa gari kulijaribu kwenye mteremko wakati wa masika, daladala ikasimama ghafla mbele yangu, nikakanyaga. Tairi za nyuma zikajifunga palepale, mkia ukazunguka, nikasimama nikiwa nimeelekea nilikotoka. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo fimbo ya vali ndiyo kitu cha kwanza napima nyuma.

California wana kifungu kwenye sheria zao za magari, 24008, kinachokataza kuendesha gari lililoshushwa hadi sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, iwe chini ya ukingo wa chini wa rimu. Ukipasukiwa na tairi, gari likae kwenye rimu, si kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Mimi nakitumia hapa kama kipimo, na naongeza nafasi ya matuta yetu.

Yule mteja tulikubaliana sentimita 4 mbele na 5 nyuma, shokapu fupi, raba za mwisho fupi pia, na tangi la lita 500, safari mbili. Nimemwambia arudi baada ya kilomita 500 nikaze yubolti upya, na aje siku ya mvua, kwa sababu breki zake nataka kuzijaribu uwanjani pakiwa pamelowa.