Likizo ya kibarua wa msimu: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, ambako kazi inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366. Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

"Kibarua wa msimu hana likizo."

Anayesema hivi ameisoma sheria nusu. Ni kweli kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini papo hapo sheria inawatoa watu wa aina mbili katika katazo hilo. Wa kwanza ni mfanyakazi wa msimu mwenyewe: mkata miwa aliyechukuliwa kwa msimu wa miezi mitano anastahili likizo, miezi sita isimhusu. Wa pili ni yule anayeitwa, anaachwa, kisha anaitwa tena na mwajiri yuleyule. Vipindi vyake vya mwaka huo vikijumlishwa na kuzidi miezi sita, naye yumo. Ndiyo maana karatasi ya kila mara ulipoitwa ni ya kutunzwa, hata ile iliyoandikwa kwa kalamu na msimamizi.

"Siku 28 maana yake siku 28 za kazi."

Hapana. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo za kalenda, Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia humo imemezwa. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki anapumzika siku 24 za kazi.

"Nimeondoka kabla ya mwaka kuisha, basi sina changu."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tuhesabu. Ajira inapokoma, likizo iliyokwisha kujengeka hulipwa kwa kiwango cha ujira wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Mwenye siku 130 kwenye daftari la mahudhurio anagawa kwa 13, anapata ujira wa siku 10. Hayo maneno "ulizostahili kufanya kazi" yana uzito: siku ulizofika ukarudishwa kwa sababu mtambo umeharibika, zidai nazo.

Kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu hakufuti haki hii. Kinachopotea kwa kosa hilo ni kiinua mgongo, na wengi huchanganya vitu hivi viwili.

"Mimi nalipwa kwa tani, siku yangu haina bei."

Ina bei. Kwa anayelipwa kwa kiasi cha kazi, au ambaye ujira wake hupanda na kushuka sana, sheria inaangalia ujira wa msingi wa wiki 13 zilizopita, au za muda aliofanya kazi kama ni mfupi zaidi. Tuseme katika wiki hizo mkata miwa wetu alipata shilingi 936,000 kwa siku sita za kila wiki. Gawa kwa 13, ni 72,000 kwa wiki; gawa kwa sita, ni 12,000 kwa siku. Mara siku zake 10 za likizo, anadai 120,000.

Makosa mawili hujirudia. Mwajiri huchukua wiki ya mwisho peke yake, wakati miwa imebaki michache na tani zimeshuka. Mfanyakazi naye huingiza humo posho, saa za ziada na nyongeza ya Jumapili au ya usiku, ilhali hizo si sehemu ya ujira wa msingi. Zikatwe kabla ya kugawa, vinginevyo hesabu nzima itapingwa.

"Likizo yako imo ndani ya ujira wa kila siku."

Muulize msimamizi imo wapi. Mwenye kwenda likizo anatakiwa alipwe kabla hajaanza, na anayeachishwa alipwe likizo yake kama fungu la peke yake kwenye malipo ya mwisho. Kama hati zako za malipo hazionyeshi fungu hilo hata mara moja, kauli ya mdomo ya msimamizi haina mashiko.

"Sitachukua likizo, nitaikusanya."

Hatari kwa waliokaa mwaka na zaidi. Likizo ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa likizo (miezi 12 ya kazi mfululizo kwa mwajiri) kuisha, au 12 kama umekubali na kazi inalazimu. Ukipitisha hapo, hata malipo yake unaweza kuyakosa.

"Nitadai msimu ujao nikirudi."

Utakuwa umechelewa. Mgogoro wa malipo kama huu unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Kama unapinga pia kuachishwa kwenyewe, ni siku 30. Jaza Fomu Namba 1, mpe mwajiri nakala kwanza na upate saini au muhuri wa kupokea, ndipo uiwasilishe pamoja na uthibitisho huo. Kwenye fomu andika idadi ya siku, ujira wa siku na jumla unayodai. Anayeandika tu "nadai haki zangu zote" anampa mwajiri nafasi ya kuleta hesabu yake mwenyewe.