Ya baridi au ya moto? Bia za krafti mbele ya jiko la nyama choma

Kaa kwenye baa yoyote ya nyama choma hapa Arusha, taja bia unayoitaka, na mhudumu atakuuliza swali moja kabla hajaondoka: "Ya baridi au ya moto?" Ya baridi imetoka kwenye friji iliyokazwa mpaka mwisho, chupa inatoka jasho na pengine kuna chembe za barafu shingoni. Ya moto imetoka kwenye kreti pale nyuma ya kaunta. Nimekuwa nikitengeneza bia kwa miaka 11, na bia ninayoitaka mimi haimo katika hizo mbili. Mimi nataka ya mtungi. Namaanisha ubaridi wa maji yaliyolala usiku kucha kwenye mtungi wa udongo, kivulini, yale ambayo ukiyanywa unasikia mpaka ladha ya udongo wenyewe. Kwa bia, kipimo changu ni kama nyuzijoto 8 hadi 12.

Naanzia kwenye ubaridi kwa sababu ndipo bia nyingi nzuri zinapofia. Ubaridi mkali unaganzisha ulimi, na harufu haipandi kwenye bia iliyo karibu kuganda. Na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inatoka puani. Laga za viwanda vikubwa zimetengenezwa ili zinywewe zikiwa baridi kabisa, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Baada ya siku ya jua kali hata mimi naitaka moja. Lakini bia ya krafti ikifika mezani ikiwa na nyuzi 2 umelipia harufu usiyoisikia. Itoe kwenye friji dakika 15 kabla nyama haijaiva. Mkaa ukishika, chupa ziwe tayari mezani.

Kwa asiyezijua, bia ya krafti ni ile inayotengenezwa kwa kiasi kidogo na mtu anayejiamulia mwenyewe iwe na ladha gani. Matanki yetu yanabeba lita 500 kila moja. Ukanda wetu huu zimeanza kuonekana taratibu: Nairobi wana Bateleur na 254 Brewing, Kampala wana Banange, Kigali wana Kweza iliyoanzishwa na wanawake, Dar es Salaam kuna Crafty Dee's. Vitu vinavyoingia ndani ni vilevile vya bia zote: maji, kimea, hopsi na hamira. Shayiri ya kutengenezea kimea inalimwa huku huku kwetu, Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi. Hopsi ndiyo inayotushinda. Ni ua la mmea unaopanda juu ya kamba, na mmea huo haukui na kuzaa vizuri bila siku ndefu za kiangazi. Kwetu jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hopsi tunaiagiza: Ujerumani, Marekani, au Afrika Kusini, ambako inalimwa karibu na mji wa George.

Lakini wazo la kutia kitu kichungu ndani ya pombe halikuletwa na meli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anapika mbege, pombe ya Wachaga, huko Marangu, Kilimanjaro. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichachuke, kisha zinachanganywa na ulezi uliooteshwa, ukasagwa na kupikwa. Ndani yake linaingia gome la msesewe. Ukilionja gome hilo peke yake, uso unajikunja. Linaondoa ule utamu wa ndizi unaokinaisha, linaipa mbege mwisho mkavu, na ndiyo maana kata ya pili inashuka pamoja na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, na nyama yake bila kukuchosha. Hopsi ndani ya bia yangu inafanya kazi ya msesewe. Kila ninapopima hopsi ya kutia kwenye sufuria namkumbuka bibi akilishika lile gome, anavunja kipande, anakiangalia, anavunja tena kidogo.

Sasa twende kwenye wavu, kwa sababu bia ya kunywa na nyama naichagua kwa kuiangalia nyama yenyewe ilivyo. Jina lililo kwenye chupa nalisoma baadaye.

Kitu cha kwanza ni chumvi, ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa. Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua bia chungu, IPA kwa mfano (India Pale Ale, bia yenye hopsi nyingi), unywe funda moja na uusikilize ule uchungu nyuma ya ulimi. Kisha weka chembe chache za chumvi ulimini, zikiyeyuka unywe tena. Uchungu utakuwa umeshuka, na kitu ambacho hukukisikia mwanzo kitajitokeza: maganda ya chungwa, au embe, au utomvu wa msonobari, kutegemea ni hopsi gani. Chumvi inaubana uchungu ili ladha nyingine zipite. Ndiyo sababu mtu anaweza kuikataa IPA akiwa na tumbo tupu saa kumi jioni, halafu saa mbili usiku, mbele ya sinia la mbuzi lenye chumvi pembeni, akaimaliza na kuomba nyingine. Nimeona jambo hili mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi sikubali mtu aonje bia yangu chungu bila kitu cha kutafuna.

Ndimu inafanya kazi inayofanana na hiyo. Uchachu wa ndimu iliyokamuliwa juu ya kachumbari unaifanya bia inayofuata isikike laini na tamu zaidi kuliko ilivyo. Kwa hiyo meza ya nyama choma jinsi ilivyo, na chumvi yake, ndimu yake na kachumbari yake, tayari imeandaliwa kupokea bia chungu. Hakuna cha kuongeza.

Cha pili ni mafuta. Ubavu wa mbuzi na kitimoto vinaacha utando mdomoni, na utando huo ukibaki, tonge la tano halina ladha. Gesi iliyomo kwenye bia inageuka kuwa asidi hafifu ikigusa ulimi, ule mchomo mdogo unaousikia, na pamoja na uchungu wa hopsi unaukwangua mdomo. Hapa bia iliyopoa gesi haikusaidii. Pilsna, ile laga ya rangi ya dhahabu, iliyotengenezwa vizuri, kavu, yenye gesi ya kutosha, ni rafiki mkubwa wa kitimoto kavu kuliko bia nyingi zenye majina makubwa.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kuungua. Nyama ikipata moto mkali, protini na sukari zilizo juu yake zinashikana na kutengeneza ile rangi ya kahawia na harufu inayomfanya jirani achungulie ukutani. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza kemia hiyo mwaka 1912. Sasa, kimea nacho tunakikausha kwa joto, na hali hiyohiyo inatokea ndani ya punje. Kimea kilichokaushwa taratibu kinabaki cheupe na kunukia mkate. Kilichopata moto zaidi kinatoa harufu ya ganda la mkate, karanga, sukari iliyoungua. Kilichokaangwa hasa kinafika kwenye kahawa na chokoleti, na hapo ndipo zinapotoka bia nyeusi, porta na stauti. Kwa maneno mengine, bia ya kahawia na ubavu uliokaushwa juu ya mkaa vimepitia moto wa aina moja. Ukivikutanisha mdomoni huwezi kusema nyama imeishia wapi na bia imeanzia wapi.

Kwa hiyo nenda kamwangalie mchoma nyama. Kwa Mrombo, ambako watu wa Arusha wanakwenda kula nyama kwa kilo, utamwona anaiweka paja mbali na moto, anaigeuza polepole, na nyama inatoka laini, rangi ya dhahabu. Hiyo nainywea bia ya dhahabu au ya rangi ya shaba. Ubavu ulioachwa mpaka ncha za mifupa zikawa nyeusi unataka porta. Kuku wa kienyeji, ambaye ni mkavu na mgumu kidogo, namtafutia bia yenye kimea kingi na uchungu mdogo, kwa sababu hana mafuta ya kupambana na hopsi.

Pilipili inahitaji tahadhari, na somo hili nililipata mbele za watu. Mwaka mmoja nilipeleka kreti mbili za IPA yenye kilevi cha asilimia 6.8 nyumbani kwa mjomba, mtaa wa Sakina hapa Arusha, kwenye kipaimara cha binti yake. Kulikuwa na mishkaki iliyolazwa kwenye pilipili mbuzi. Nilidhani bia kali itaendana na chakula kikali. Baada ya dakika kumi watu walikuwa wanaomba maji. Mjomba, ambaye hajawahi kusema neno baya kuhusu kazi yangu, aliweka glasi chini akaniambia, "Mjomba, hii bia yako ina hasira." Alikuwa sahihi kabisa. Kile kinachowasha ndani ya pilipili kinaeneza moto wake zaidi kikikutana na kilevi, na uchungu wa hopsi unaukoleza. Kinachoupoza ni utamu wa kimea na kilevi kidogo. Siku hizi kukiwa na pilipili mbuzi mezani napeleka bia ya rangi ya shaba isiyozidi asilimia 5, au bia ya ngano, na IPA inabaki kwa walioomba nyama bila pilipili.

Hiyo bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria nayo ina jambo lake. Hamira inayotumika inatoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu, bila ndizi wala karafuu kuingia kwenye sufuria. Mara ya kwanza nilipomwonjesha bibi alinusa, akanusa tena, akauliza ndizi nimeitoa wapi. Ukiwa pwani, jaribu bia hiyo na changu wa kuchoma aliyepakwa ndimu na kitunguu saumu. Inambeba samaki bila kumfunika, jambo ambalo stauti haiwezi.

Kwa wanaochoma nguruwe nyumbani, bia ina kazi nyingine kabla ya kufika kwenye glasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha mwaka 2014 utafiti wa nyama ya nguruwe iliyolazwa kwenye bia kwa saa 4 kisha ikachomwa kwa mkaa. Bia nyeusi ilipunguza kwa zaidi ya nusu zile kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani, ukilinganisha na nyama ambayo haikulazwa kwenye kitu. Mimi nalaza kitimoto kwenye stauti, vitunguu saumu, tangawizi na chumvi kidogo, kuanzia asubuhi. Naifuta maji vizuri kabla ya kuipandisha, maana nyama iliyolowa inachemka badala ya kuungua.

Ukiwa mgahawani, kuna mambo mawili ninayoyaangalia kabla sijaagiza. La kwanza ni wapi chupa zilikaa. Mwanga wa jua ukiifikia hopsi ndani ya bia unaivunja na kutoa harufu ya kicheche, na kwenye chupa nyeupe hilo linatokea ndani ya dakika chache. Chupa ya kahawia inakinga sana, ya kijani inakinga kidogo. Kama bia zimepangwa dirishani ili zipendeze, naomba ya kwenye friji la ndani. Hata glasi yako, ukikaa nje saa nane mchana, iweke kwenye kivuli cha sinia la ndizi. La pili ni tarehe. Bia nyingi za krafti hazipashwi moto baada ya kufungashwa, kwa hiyo zinazeeka haraka zikikaa kwenye joto. IPA ya miezi sita iliyosafirishwa kwenye basi mchana inanuka katoni iliyolowa, na utamlaumu aliyeitengeneza wakati kosa ni la safari.

Omba glasi. Najua chupa imezoeleka, na kuna sababu zake za usalama: watu wanataka kizibo kifunguliwe mbele yao, na ni haki yao. Kifunguliwe mbele yako, kisha mimina mwenyewe, uache povu la vidole viwili. Harufu inakaa kwenye povu. Na bia za asilimia 7 kwenda juu gawaneni, chupa moja watu wawili, gari libaki nyumbani.

Jumapili iliyopita tulichoma mbuzi nyuma ya nyumba, watu saba. Tulianza na pilsna wakati maini yanapita juu ya moto, tukaingia kwenye bia ya shaba kwenye paja, porta ikaja na mbavu. Mkaa ulipokuwa majivu na kajoto kidogo chini, shemeji aliweka ndizi mzuzu sita na maganda yake juu ya wavu, akaziacha mpaka ganda likawa jeusi na kupasuka, sukari ikitoka pembeni. Nilifungua chupa mbili za stauti zilizokuwa zimekaa nje ya friji tangu tunaanza kula. Zilikuwa za mtungi hasa.