Je, wajua kwa nini serikali hufunga watu midomo wakati wa vita?

Ukisimama Capri Point hapa Mwanza, kisiwa cha Saanane unakiona karibu kabisa. Machi 1979, katika Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia Saanane na kuua wanyama wa hifadhi.

Sasa chukulia kwamba jioni ile mtu angetangaza redioni: mmekosa, matangi yako upande ule. Angekuwa amemwonyesha njia rubani wa kesho yake. Hoja ya serikali inaanzia hapo, na mimi naikubali. Askari wako wapi, meli inang'oa nanga saa ngapi, risasi zimebaki ngapi: hizo ni siri, na anayezizuia anaokoa roho za watu.

Lakini kufuli la siri likishapatikana, hufungiwa na malalamiko. Mwaka 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani ilimhukumu mwanasiasa wake wa kisoshalisti, Eugene Debs, miaka 10 jela kwa sababu ya hotuba. Hakutaja kambi wala meli. Alisema wakubwa ndio hutangaza vita, wanyonge ndio hupigana. Mwaka huohuo nchi zilizokuwa vitani zilibana magazeti yasiandike sana juu ya mafua yaliyokuwa yakiua watu. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika, na ugonjwa ukabandikwa jina lake mpaka leo.

Uingereza nayo? Tarehe 7 na 8 Mei 1940, Hitler akiwa anasonga mbele, wabunge walimshambulia Waziri Mkuu Chamberlain waziwazi kwa kushindwa kule Norway, wakiwemo wa chama chake mwenyewe. Tarehe 10 Churchill akashika nafasi, siku ileile Wajerumani walipovamia Uholanzi na Ubelgiji. Kelele zile za bungeni ziliipa nchi kiongozi aliyeivusha.

Amin alichagua njia nyingine. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia barua kulalamikia mauaji. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Miezi 20 ikapita. Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipovuka mpaka kuingia Kagera, ni nani pale Kampala angethubutu kumwambia, "Mzee, hapa tunakosea"? Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.