Kodi ya miezi sita si sheria: kupanga kwa muda mfupi Dodoma

Nilipopata kazi ya miezi minne Dodoma, kila mtu Dar alikuwa na la kunishauri, na karibu wote hawajawahi kupanga huko. Mengi waliyoniambia yalikuwa nusu kweli, na hizo nusu ndizo zilizonitoa hela.

"Sheria inataka ulipe miezi sita."

Hakuna sheria hiyo. Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo idadi ya miezi ni makubaliano yako na mwenye nyumba. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi mwaka mmoja. Mnaweza kuandikiana au kukubaliana kwa mdomo, na hauhitaji kusajiliwa. Kama hamkutaja mwisho wala notisi, na kodi unalipa kila mwezi, basi anayetaka kuachana na mwenzake ampe notisi isiyopungua mwezi. Makubaliano ya mdomo yanaruhusiwa, lakini mimi nisingethubutu.

Sasa mbona wanadai sita? Kwa sababu hela ya mkupuo ndiyo inayoezeka banda la uani au kulipa ada za watoto. Ukilielewa hilo unajua pa kubisha hodi. Aliye katikati ya ujenzi hatakusikiliza. Ambaye nyumba yake imekaa tupu muda mrefu atakusikiliza. Omba miezi mitatu kwa mkupuo, kisha mwezi kwa mwezi. Maeneo yanayotegemea wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kama Ng'hong'onha, yajaribu likizo ndefu ikianza, vyumba vinapobaki bila watu.

Na ukiambiwa bei ya Dodoma ni ileile mwaka mzima, jaribu kutafuta apartimenti kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti likiwa mjini.

"Apartimenti yenye fenicha ni ya wenye hela, wewe panga chumba."

Hapa ndipo wengi tunapopigwa hesabu. Tuseme chumba na sebule ni 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000, ongeza dalali 150,000, jumla 1,050,000. Wewe unakaa minne tu, kwa hiyo kila mwezi umekugharimu 262,500. Bado godoro, jiko na mtungi wa gesi, mapazia, ndoo, na kirikuu cha kubebea. Hivyo vikila 300,000, mwezi mmoja umefika 337,500, na siku ya kuondoka utaliuza godoro kwa bei ya kutupa kwa sababu jirani anajua una haraka. Apartimenti ya 350,000, yenye kitanda na friji, haikuwa ghali kiasi kile. Ukikaa miezi sita yote au zaidi, chumba kinashinda kwa mbali. Piga hesabu kwa miezi utakayokaa, siyo kwa kodi iliyotajwa.

Hela ya dalali nayo watu huidhani ina kiwango cha serikali. Mwezi mmoja ni mazoea tu. Kwa mtu anayepanga miezi mitatu ni haki kuomba nusu, ila uombe kabla hujaonyeshwa nyumba, maana ukishaipenda yeye anakuona usoni. Na hela ya kuzungushwa kuona nyumba muulize mapema: ni ya siku nzima, au kila nyumba unatoa?

"Picha ni nzuri, tuma ya kushikilia."

Nilituma 50,000. Nikafika, nikakuta familia inakula chakula cha mchana, na simu ya dalali haipatikani. Siku hizi namwomba mtu yeyote aliye Dodoma aende akaulize kwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe nyumba ni ya nani.

Kuhusu eneo sitasema mengi. Kama ofisi yako iko Mji wa Serikali, Mtumba, ujue ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, upande wa barabara ya Dar. Anayekupeleka Nkuhungu kwa sababu ni rahisi anakupeleka upande mwingine wa mji, na nauli ya kila siku itakula huo urahisi.

La mwisho ni hili la "umeme ni LUKU, kwa hiyo hurithi deni la mtu," yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Unarithi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme, na nyumba ikikaa tupu makato yanarundikana yakimsubiri mpangaji mpya. Kwa hiyo kabla sijatoa kodi nilimwomba mama mwenye nyumba tununue umeme wa 10,000 pamoja. Zikakatwa 4,500. Akaitazama meseji kwa muda, akacheka.

"Haya mwanangu, hiyo utaitoa kwenye kodi."

"Ahsante mama. Basi tuiandike kabisa."

Tukaiandika nyuma ya mkataba, akasaini.