Foklifti inapopinduka, tusiishie kumlaumu dereva

Katika maghala na viwanda vya hapa Tanga, ambako kazi yangu ni kufundisha madereva wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, mtu akiumizwa na foklifti lawama humwangukia dereva kwanza, na mara nyingi uchunguzi huishia hapo. Sakafu, mzigo na njia za waenda kwa miguu hubaki vilevile, vikimngoja mwingine.

Foklifti yenye uwezo wa kuinua kilo 2,500 huwa na uzito wa takriban tani 4, na sehemu kubwa ya uzito huo huwekwa nyuma makusudi ili kusawazisha kilichobebwa mbele. Husimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na pini iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, mtambo hulala, hata dereva awe hodari namna gani.

Robota la mkonge lina kilo 250. Dereva huhesabu marobota manane kuwa tani 2, akaona bado ana nafasi. Lakini kilo 2,500 zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo ni za mzigo ambao kitovu chake kiko milimita 500 kutoka shina la uma, yaani vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo. Marobota yakipangwa kwa urefu, kitovu kikasogea hadi milimita 750, uwezo hushuka hadi karibu kilo 2,000. Manane yale yamekwisha kufika kwenye ukomo, na hapo mlingoti unaoinua uma haujapandishwa wala kona haijakatwa. Msimamizi anayedai mizigo mikubwa ili lori liwahi kuondoka anapaswa kuijua hesabu hii kabla ya dereva wake.

Mtambo ukianza kulala, mwili hutaka kuruka. Ndipo wengi hufa, kwa sababu fremu ya paa la mtambo humbana aliyeruka upande ule ule unakoangukia. Dereva awe amefunga mkanda tangu mwanzo; mtambo ukilala asiruke, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu sakafuni na kuegemea upande wa pili.

Waenda kwa miguu wako hatarini zaidi ya wanavyodhani. Magurudumu yanayopinda ni ya nyuma, hivyo foklifti ikikata kona mkia wake hufagia upande wa pili, na mpakiaji aliyesimama kati ya mkia na ukuta hana pa kukimbilia. Kumwambia awe mwangalifu hakutoshi. Achorewe njia yake na kuwekewa kizuizi cha chuma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuyalinda maisha hayo.

Na aliyeumia asikubali kuambiwa kwamba hana haki kwa sababu hakukatwa chochote kwenye mshahara: michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake.