Uso Ukizibwa, Jina Lisizibwe

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, alifika ofisini kwetu kabla hatujafungua madirisha. Alibeba mkoba wa ukili, na ndani yake kandambili moja ya mguu wa kushoto. "Mwanangu wamemchukua maninja," akasema. Walikuja baada ya adhana ya alfajiri, watu wanne wenye magwanda meusi, soksi za uso zimeacha macho tu. Bunduki aliikumbuka, buti alizikumbuka. Nilipomuuliza walisema wametoka kituo gani, alinyamaza. Hakuna aliyewauliza. Kijana tulimpata jioni, kwenye kituo cha tatu tulichokwenda, mzima, akituhumiwa kwa wizi wa bodaboda. Siku nzima ile mama hakuonja hata chai.

Malalamiko ya sura hii yamekuwa mengi kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria, ndiyo maana naandika.

Hofu ya watu wa Tanga ina mizizi. Februari 2015 milio ya risasi ilisikika kwenye mapango ya Amboni, askari wakipambana na watu wenye silaha, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Septemba 2024 abiria wa basi lililokuwa likija Tanga alishushwa njiani na watu wenye silaha, mwili wake ukaokotwa Ununio, Dar es Salaam, na Rais akaagiza uchunguzi. Mtu aliyeyasikia hayo huwezi kumwambia "usiogope" ukadhani umemaliza. Lakini pia askari anayekwenda kukabili bunduki anahitaji kofia ngumu na fulana ya kuzuia risasi, na mpelelezi anayekaa mtaa mmoja na wahalifu ana sababu ya kuficha uso. Ninaloliuliza kwa heshima ni hili: vazi la mapangoni la nini kwa mtuhumiwa wa bodaboda aliyelala kwao? Wakuu wa operesheni walipime kila mara, kwani raia akishindwa kumtofautisha askari na mtekaji, anayefaidika ni mtekaji.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayekamata amwambie anayekamatwa kosa lake palepale. Na kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, askari lazima amtajie jina lake na cheo chake, amweleze kosa kwa lugha anayoimudu, na amwonye kwamba halazimiki kujibu maswali, ukiacha ya jina na anwani yake. Sheria haikusema wajibu huo unaondoka askari akivaa soksi ya uso.

Sasa tuelewane, maana haya nayarudia kila wiki. Askari kanzu anaruhusiwa kukamata. Yapo makosa mengi ambayo askari hukamata bila hati ya mahakama. Kuziba uso peke yake hakufanyi ukamataji uwe batili. Na saa 24 zikipita, mlango wa mahabusu haufunguki wenyewe! Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya muda huo, au ikishindikana apewe dhamana ya polisi kama kosa si kubwa. Dhamana hiyo ni bure.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana wanaosema wakiona maninja watapiga yowe na kuokota mawe. Wanangu, msifanye hivyo. Kumshambulia au kumzuia askari aliye kwenye kazi yake halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake hufika miaka 5. Tena mtaa ukishapandisha mori, hakuna anayesubiri kuona kitambulisho. Atakayeuawa anaweza kuwa askari wa kweli, au mpita njia.

Ukikutwa na hali hiyo, baki na mikono inayoonekana, uliza kwa sauti ya kawaida: wewe ni nani, cheo gani, kituo gani, kosa gani? Aliye pembeni amwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, ashike namba za gari, apige 112. Magari ya polisi huanzia na PT, ingawa wapelelezi hutumia pia ya namba za kiraia, kwa hiyo namba peke yake isikutoshe. Ikiwa ni upekuzi, kila kilichochukuliwa kiandikwe kwenye stakabadhi, mwenye nyumba na mashahidi watie saini. Soma kwanza, usisaini karatasi tupu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kisha nendeni kituo kilichotajwa, mwombeni mkuu wa kituo aangalie kama jina limeandikwa. Halipo? Pelekeni malalamiko ya maandishi kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, na nakala yake mtuletee siku hiyohiyo, maana Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru mtu aletwe mbele yake.

Na magwanda ya mitumba yanayofanana na ya askari, acheni kuyavaa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 watu wasalimishe sare za jeshi, na bado nayaona hata kwa makondakta.

Ofisini kwetu hatutozi kitu. Njoo na jina kamili la aliyekamatwa, saa, mahali na maneno waliyoyasema. Kama huna hayo, umebaki na kandambili tu, njoo nayo, tutaanzia hapo.